Nimekosa, Afande

Mwezi wa pili Kampala haina huruma. Mvua za mwisho wa mwaka zimekwisha, za Machi hazijaja, na vumbi jekundu linaelea hewani tangu asubuhi mpaka jioni. Gari nililokuwa naendesha wakati huo lilikuwa kigari cheupe cha mizigo ambacho kioo chake cha upande wa dereva kilishuka nusu, kikakwama. Nilimlalamikia madamu kuhusu kioo hicho mpaka nikachoka. Madamu ni Mkenya, ana duka la dobi Namuwongo karibu na reli, na hufua vitambaa vya meza na taulo za mikahawa ya Kabalagala. Jibu lake lilikuwa lilelile, "Wiki hii, dada, wiki hii." Nilikuwa nimemwendeshea gari miaka sita, na wiki hiyo ilikuwa haijafika.

Siku ninayoisimulia, nilitoka dukani karibu saa sita, nyuma kukiwa na mafurushi ya vitambaa vilivyopigwa pasi. Mkahawa mmoja ulikuwa na wageni wa chakula cha mchana na meza zao zilikuwa uchi. Madamu alinipigia simu mara tatu kabla sijavuka reli. Foleni ilikuwa imesimama, jua limekaa juu ya bati la gari, na blauzi yangu imeshikana na kiti. Nasema haya mapema ili mtu asidhani nilikuwa malaika. Nina hasira za karibu tangu utotoni, na joto huzisogeza karibu zaidi.

Gari kubwa jeusi, la vioo vya giza, likaja kwa upande usio wake, likizipita gari zote zilizokuwa zinasubiri. Lilipofika usawa wangu likakutana na lori linaloteremka, likataka kuingia mbele yangu. Nafasi ilikuwepo, ndogo. Nikaiziba. Kisha nikapiga honi, na siyo ile fupi ya kumwambia mtu kwamba upo. Niliweka kiganja juu yake, nikakiacha hapo.

Kioo cheusi kikashuka. Mwanamume mnene, miwani ya jua, shati jeupe.

"Wewe mwanamuke! Unajua mimi ni nani?"

"Hata ukiwa nani, panga laini na wenzako," nikamjibu bila kumtazama.

Mwenye teksi nyuma yangu alicheka kwa sauti, na nadhani kile kicheko kilimuuma kuliko honi. Alirudi nyuma, akaingizwa na mtu mwingine gari mbili nyuma yangu, nami nikajisifu moyoni. Niliona nimeshinda. Nikafuta jasho, nikavuka reli.

Baada ya reli barabara ilifunguka kidogo, na kwenye kioo nikamwona amekuja. Alinikaribia mpaka nikaona alama za vidole kwenye boneti yake. Akawasha taa, akazima, akawasha. Nilisogea kushoto apite, kwa sababu sasa nilikuwa nimeogopa, na nakiri hilo pia. Alipita. Akafika mbele yangu, akakata kushoto ghafla, akapiga breki. Upande wake wa nyuma ukagusa kona ya gari langu. Nilipiga breki, nikavuta usukani, na tairi la kushoto likaingia mtaroni. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umepita ndani ya usukani, na usukani ukazunguka nao. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Halafu nikasikia sauti.

"Toka! Toka nje saa hii! Simama hapo!"

Nikatoka. Nilipanda kutoka kwenye gari lililolala upande, nikijishika kwa mkono wa kushoto, nikasimama kando ya barabara, visigino pamoja, macho mbele. Watu walikuwa wameanza kujaa. Yule mtu alikuja mpaka usoni kwangu.

"Nani alikosa hapa? Sema! Nani alikosa?"

"Nimekosa, afande," nikasema.

Mtu asiyetoka kwetu hatanielewa bila maelezo. Kampala ni mji wa Kiganda, na Kiingereza ni cha ofisini. Kiswahili, kwa wengi wa hapa, ni sauti ya mtu mwenye bunduki, lugha inayotumika kumwambia raia alale chini. Kwangu ni lugha ya nyumbani. Nimezaliwa katika kambi ya polisi. Baba alikuwa sajini, mtu wa kaskazini, anayeswali Ijumaa, na mama alikuwa wa kabila lingine na anakwenda kanisani Jumapili. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, na ndicho tulichonyonya.

Baba alikuwa na utaratibu wake. Akiwa amevaa sare, tulimwita afande. Akiivua, alikuwa baba. Mtoto akivunja kitu wakati sare bado iko mwilini, aliitwa, akasimama visigino pamoja. Aliulizwa nani alikosa. Usianze kueleza, usimtaje ndugu yako, usiseme paka. Neno la kwanza liwe "Nimekosa, afande," hata kama hukukosa, kwa sababu anayeuliza yuko juu yako na mengine yatafuata akipenda. Aliyeanza na maelezo alipata mkanda kwa maelezo na mkanda kwa kosa. Katikati ya mkanda alikuwa akiuliza, "Inauma?" Jibu lilikuwa "Hapana, afande." Ukisema hapana vizuri, aliacha.

Kambini watoto wote walilelewa hivyo, au karibu hivyo. Hatukuona ajabu. Tulicheza mchezo wake nyuma ya nyumba, mmoja afande, wengine wakosaji, tukicheka mpaka tukaanguka. Nilidhani nimeuacha huko pamoja na zile nyumba za bati.

Polisi wa trafiki alikuwa karibu, kwenye reli, na alifika kwa miguu, sare yake nyeupe imelowa jasho mgongoni. Alikuwa kijana, amechoka, bila ubaya wowote usoni. Alichukua leseni zetu, akapima kwa hatua, akachora kwenye karatasi. Watu walikuwa wanapiga kelele kila mmoja na lake. Mwendesha bodaboda mmoja alisema, "Afande, huyu na hii gari kubwa alimukatia maama! Mimi niliona kwa macho yangu, kwenye balabala hapa!" Yule mnene alimgeukia tu, na bodaboda akarudi nyuma ya wenzake.

"Muulize yeye mwenyewe," yule mnene akamwambia trafiki. "Amekubali mbele ya watu."

"Nnyabo, ulikubali?" trafiki akaniuliza, akiniita bibi kwa Kiganda, kwa heshima.

"Ndiyo, afande."

"Umeumia?"

"Hapana, afande."

Nililisema hilo nikiwa nimeushika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, vidole vimeanza kujaa. Trafiki aliandika kwenye ubao wa karatasi, akanipa kalamu. Mkono wa kulia ulikataa kuishika. Nikasaini kwa kushoto, mchoro ambao hata mimi nisingeutambua, na nikarudisha kalamu kwa adabu.

Wakalivuta gari langu kwenda kituoni. Lile jeusi liliendeshwa huko na mwenyewe. Vitambaa vya meza vilifika Kabalagala kwa bodaboda, vimejaa vumbi, na wageni walikuwa wameshakula juu ya mbao.

Hospitali waliniambia kifundo cha mkono kimevunjika mahali pawili. Daktari alitaka kukifungua na kuweka chuma, vinginevyo mkono ungepona vibaya na usingeshika usukani tena. Niliuliza kama ni lazima. Akaniangalia, akauliza kazi yangu ni nini. Nilipomwambia, akasema basi ni lazima. Kwa wakati huo akanifunga plasta na kunipa wiki chache za kujipanga.

Madamu alikuja kuniona siku ya pili. Alileta maziwa na ndizi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akageuzageuza pete yake. "Aki dada, pole sana. Lakini polisi wananiambia ulikubali makosa. Na wanasema hukuumia. Sasa mimi bima nitawaambia nini?" Hakuniambia kwa ukali. Alikuwa anaogopa, na mtu mwenye biashara ndogo katika mji usio wake ana haki ya kuogopa. Hata hivyo nilimkasirikia mno, nikageukia ukutani.

Polisi walikuwa wamenipa siku ya kurudi kufunga faili. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, na ningelitaja hata usingizini: faili likifungwa kama lilivyo, dereva aliyekosa ni mimi na hakuna aliyeumia. Nitashtakiwa kwa uendeshaji wa hovyo, leseni inaweza kwenda, na mkono utakuwa shida yangu na Mungu wangu.

Madamu, kwa kujutia nadhani, ndiye aliyenipeleka kwa wakili. Ilikuwa ofisi ya msaada wa sheria, chumba kimoja, feni moja inayozungusha joto. Wakili alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, amekulia Busia mpakani, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, chepesi na cha haraka. Alisoma nakala ya maelezo yangu, akaikunja, akaniuliza bila kuzunguka.

"Mama, kwa nini ulisema umekosa kama hukukosa?"

Nikatazama plasta yangu.

"Kuna kitu hujaniambia?"

Nikamwambia habari ya ile nafasi niliyoiziba, honi, na kicheko cha mwenye teksi. Nilidhani atafunga kitabu. Alitikisa kichwa tu.

"Hiyo tutaiandika pia. Mahakama inaweza kugawa lawama, sehemu yako, sehemu yake. Haki ya mtu aliyeumia haifi kwa sababu alikuwa na mdomo. Lakini huyu alikupita, akakukatia makusudi. Kunyimwa njia hakumpi ruhusa ya kukutupa mtaroni."

Aliniambia mengine ambayo sikuwahi kuyasikia, mimi binti wa polisi. Kwamba kosa la barabarani haliamuliwi na aliyeomba msamaha kwanza, linaamuliwa na alama za tairi, mchoro, ukaguzi wa magari na mashahidi. Kwamba niombe fomu ya polisi, daktari aijaze, ili maumivu yangu yawe na karatasi. Kwamba gari la yule mtu lina bima ya lazima kwa ajili ya watu wengine anaowaumiza, na bima hiyo haimngojei yeye apende. Kwamba nilikuwa kazini, na mwajiri ana wajibu kwa mfanyakazi aliyeumia kazini hata bila kuuliza nani alikosa. Madamu aliyekuwa mlangoni alikohoa. Kwamba kwenda mahakamani kudai majeraha nina miaka mitatu, ila nisiikalie, kwa sababu alama hufutika na mashahidi huhama.

Halafu akaifungua tena ile nakala, akaiweka kando ya picha ya leseni yangu iliyokuwa kwenye simu ya madamu.

"Hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Na hii?"

"Hiyo pia."

"Hazifanani hata kidogo. Ulisaini na mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Kwa nini?"

"Wa kulia ulikataa kushika kalamu."

Aliinuka, akazunguka meza, akaigonga karatasi kwa kidole. "Mama! Karatasi inasema hukuumia, na saini iliyo chini yake inasema umevunjika mkono. Hii ni ya kwetu." Alikuwa amefurahi sana. Mimi nililia, kwa mara ya kwanza tangu mtaroni.

Lakini lile neno lilibaki. Alisema maelezo ya kwanza hayachanwi, ila nina haki ya kuongeza maelezo mengine, kwa mkono wangu, na humo nieleze kwa nini nilikubali. "Andika ukweli," akasema. "Usipoeleza, wao watajieleza wenyewe. Na kama kuna mtu anayeujua huo ukweli, mlete."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu aliye hai, na nilikuwa naishi naye. Baba alikuwa amestaafu zamani, mama ameshatutoka, na tulipanga nyumba Nateete, nyuma kidogo ya soko. Asubuhi alipiga pasi shati hata kama hakuwa na pa kwenda. Nilipomweleza mara ya kwanza kilichotokea, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ulisema vizuri. Mutu kama yule, ungeleta mdomo angekuchapa pale pale." Alikuwa ananisifu kweli, na nilibaki na sahani mkononi nisijue niiweke wapi.

Sasa nilimwomba aje kituoni. Aseme tu jinsi tulivyolelewa.

"Mambo ya nyumba haiingii kwa faili," akasema.

"Baba, faili ndiyo inanimaliza."

"Nilifanya kazi kwa faili miaka yote. Hakuna mutu anaandika baba yake ndani ya faili."

Akaongeza sauti ya redio. Nilirudi chumbani na hasira zangu. Niliandika jioni tatu mfululizo, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Jasho lilidondokea karatasi, nikaanza upya. Nilipofika mahali pake, niliandika hivi: baba yangu alitufundisha kumwambia mtu mwenye amri kwamba tumekosa, na kwamba haiumi. Nikaisoma, ikaonekana sentensi ya adabu.

Siku ya kituo joto lilikuwa lilelile. Wakili alikuwa na kesi nyingine asubuhi hiyo, akaniambia nisisaini chochote nisichokisoma. Nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye benchi la nje, chini ya ukingo wa paa, na maelezo yangu ndani ya bahasha. Yule mnene alikuwa ameshafika, anazungumza kwenye simu, sauti ileile. Kila alipoipandisha, mgongo wangu ulinyooka wenyewe. Nilijua kabisa kwamba nikiulizwa mle ndani nani alikosa, jibu litatoka kabla yangu. Niliibana midomo. Nilijichukia.

Mtu akaketi kando yangu. Shati limepigwa pasi, viatu vimeng'aa. Baba.

Hakunisalimu. Alinyoosha mkono, nikampa bahasha. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka kikasimama.

"Hapa umeandika baba alitufundisha."

"Ndiyo."

"Hiyo si kweli. Kufundisha ni kitu ingine." Akavua miwani, akaifuta na shati, jambo ambalo hafanyi. "Andika alitulazimisha. Na mukanda. Andika mukanda."

Nikatoa kalamu kwenye mkoba wangu.

"Mimi niliandika hiyo nimekosa ya watu mingi," akasema, macho yake kwenye magari yaliyokamatwa uani. "Mutu anatetemeka mbele yangu, anasema nimekosa afande. Naandika, mutuhumiwa amekubali. Faili inakwisha, narudi nyumbani. Nilikuwa najua."

"Ulikuwa unajua nini, baba?"

"Ya kwamba ni woga. Andika, wanatuita."

Nikaandika juu ya goti langu. Nilikata neno moja nikaweka mengine juu yake, na kalamu ikatoboa karatasi kwenye neno mkanda.

Ndani kulikuwa na meza, trafiki yule kijana, viti vitatu na dirisha lisilofunguka. Trafiki alianza kwa kuuliza kila mtu kazi yake. Yule mnene akasema anauza mabati. Nikamwangalia upya. Sijui nilitarajia nini, kanali labda. Nilikuwa nimesimamishwa wima na muuza mabati, aliyejua tu kwamba ukitaka Kampala ikuogope, uifokee kwa Kiswahili.

"Afande, hii kitu ni rahisi," akasema. "Huyu mama alikubali. Watu walisikia."

"Ameleta maelezo ya kuongeza," trafiki akajibu, akayakunjua. Akayasoma kwa sauti, akijikwaa kwenye mwandiko wangu. Akasoma nafasi niliyoiziba na honi, akanitazama, akaendelea. Akasoma mtaro, akasoma mkono. Akafika pale. "Nilisema nimekosa kwa sababu nilipokuwa mtoto baba yangu, ambaye alikuwa polisi, alitulazimisha kwa mkanda kusema hivyo kwa kila mtu mwenye amri, hata kama hatukukosa. Nilipoulizwa kama nimeumia nilisema hapana kwa sababu hiyohiyo."

Muuza mabati alicheka. "Sasa hiyo mukanda ni yangu? Mimi nilichapa yeye?"

Trafiki hakucheka. Alimtazama mzee aliyekaa kando yangu. "Mzee, hii ni kweli?"

Baba alisimama. Visigino pamoja, mikono imenyooka pembeni, kidevu juu, mbele ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Ni kweli, afande," akasema. "Nilikosa."

Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, si kwa mama, si kwa mtu yeyote. Nilishika ukingo wa kiti kwa mkono mzima. Trafiki akaandika, akaweka nukta.

Ndipo akautoa mchoro wake. Alama za tairi za gari jeusi zilikuwa zimekata kushoto mbele ya zangu. Ripoti ya mkaguzi ilisema breki zangu ni nzima, na rangi nyeusi iko kwenye kona yangu ya mbele.

"Ssebo, ulikuwa unaenda wapi huku kushoto?" akamuuliza muuza mabati, akimwita bwana kwa Kiganda. "Hapa hakuna njia. Hakuna duka. Ni mutaro tu."

"Alinipigia honi!"

"Nauliza, ulikuwa unaenda wapi?"

"Afande, alinipigia honi mbele ya watu! Mwanamuke wa kubeba nguo! Ungekuwa wewe ungemuacha?"

Trafiki aliinamisha kichwa, akaandika sentensi hiyo yote, neno kwa neno, akamgeuzia karatasi ili asaini. Muuza mabati aliitazama kalamu kwa muda mrefu. Alipozungumza tena, alizungumza Kiganda, kwa sauti ya chini, akiniita nnyabo.

Kisha nikageukiwa mimi. "Nnyabo, maelezo haya ni yako? Hakuna aliyekuambia useme hivi?"

"Ni yangu," nikasema. Nilisikia ile "afande" ikiwa tayari nyuma ya meno. Ikabaki hukohuko.

Faili halikufungwa siku hiyo. Lilibadilika jina la anayetuhumiwa. Nilipewa leseni yangu, fomu ya daktari ikaambatanishwa, na namba ya bima ya gari jeusi ikaandikwa kwenye karatasi niliyompelekea wakili. Barua zilikuwa ndefu na za kuchosha. Chuma kimo mkononi mwangu sasa, ninaendesha tena, ingawa kitambaa kilicholowa bado siwezi kukikamua. Madamu ametengeneza kioo.

Tulipotoka kituoni jua lilikuwa utosini. Baba alisimama kwenye ngazi, akafungua kifungo cha juu cha shati, ambacho hafungui. Alitazama plasta yangu, chafu kwenye kingo, na vidole vilivyovimba vikitokeza.

"Inauma?" akauliza.

Alikuwa ameniuliza hivyo mara nyingi nilipokuwa mdogo, na jibu lilikuwa moja. Likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi.

"Inauma, baba," nikasema. "Inauma sana."

Akautoa mkoba begani kwangu, akaubeba yeye, tukatembea polepole upande wenye kivuli.